Maharage na joto: majani mabichi yasikudanganye

Dhana: Mmea ukibaki kijani wakati wa joto, basi unalistahimili.
Hapana. Maharage yanaweza kuwa na majani ya kupendeza na yasibebe hata ganda moja. Joto huharibu chavua, ule unga wa ua unaotungisha mbegu, mapema, siku kama tisa hadi 12 kabla ua halijachanua, wakati chavua inaumbika ndani ya kitumba. Ndiyo maana watafiti wanaochuja mbegu zinazostahimili joto huchuma maua asubuhi, hupaka chavua kwenye kioo, huidondoshea rangi, kisha huitazama kwa hadubini. Chavua nzima hushika rangi na kuvimba duara. Iliyokufa hupauka na kusinyaa. Wakati wa mavuno huhesabu maganda, halafu punje ndani ya kila ganda. Ganda lenye punje moja upande mmoja na utupu upande wa pili linasema mengi kuliko majani yote.

Dhana: Adui ni jua la mchana.
Kwa maharage, uchunge zaidi usiku. Usiku ukizidi nyuzi 20 hivi za selsiasi, maua huanza kupukutika. Ndiyo sababu moja maharage yanapenda Mbeya kwenye baridi kuliko pwani, ambako kunde na choroko ndizo zinazotamba.

Dhana: Joto na ukame ni kitu kimoja.
Shamba la kupimia joto humwagiliwa, ili kiu isichanganye matokeo. Tena hupandwa kwa tarehe ambayo maua yataangukia kipindi cha joto kali. Hapa wengi hukosea: mbegu iliyowahi kuchanua kabla ya joto kufika hutoa mavuno mazuri na kusifiwa bure. Hiyo imelikwepa joto, haijalistahimili.

Dhana: Mbegu zinazostahimili joto ni GMO, yaani zimebadilishwa jeni maabara.
Mwaka 2015 CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha Colombia, kilitangaza mistari 30 (aina za majaribio) ya maharage yanayostahimili joto. Mingi ilitokana na kuchanganya maharage ya kawaida na tepari, jamii ya maharage inayoota kwenye maeneo makavu ya Mexico na Marekani. Ni uchavushaji wa mkono. Kiinitete (mmea mchanga ndani ya mbegu) cha mchanganyiko huo ni dhaifu, mara nyingi hutolewa kwenye ganda kikiwa kichanga na kukuzwa maabara. Hakuna jeni iliyopandikizwa.

Dhana: Ikifaulu kwenye kitalu nyumba, iko tayari.
Bado. Itapelekwa mashambani misimu kadhaa, na itapikwa. Mbegu isiyoiva upesi jikoni, mama hairudishi shambani.