Je, wajua kwa nini timu ya flaiboli huwa inamtafuta mbwa mfupi?

Ukiangalia video za mbwa wanaoshindana flaiboli kuna kitu kitakushangaza, unakuta mbwa watatu warefu wembamba wamekaa kimbiombio kabisa, halafu wa nne ni kijibwa kifupi miguu kama ya kigoda. Mi mara ya kwanza nilidhani wamekosa wa kuziba nafasi. Kumbe yule ndo anayetafutwa kwa tochi.

Flaiboli ni mbio za kupokezana kama zile za vijiti, ila wanaokimbia ni mbwa wanne. Kila mbwa anaruka viunzi vinne, anafika kwenye boksi lenye springi, akilikanyaga linamrushia mpira wa tenisi, anaudaka kwa mdomo, anageuka na kuruka vilevile vinne kurudi, akivuka mstari tu mwenzake anaingia. Akidondosha mpira au akikwepa kiunzi, anarudia. Kutoka mstarini mpaka kwenye boksi ni futi 51, yaani mita 15 na nusu hivi, na kati ya kiunzi na kiunzi ni futi 10. Mchezo ulianzia California kwenye mwishomwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, anayetajwa kutengeneza boksi la kwanza ni Herbert Wagner, na mwaka 1984 Amerika Kaskazini wakaunda chama chao, NAFA. Timu kali zinamaliza mbwa wote wanne chini ya sekunde 16. Piga hesabu mwenyewe, hapo ni mita kama 124 na viunzi 32.

Sasa huyo mfupi kazi yake nini? Ni kwamba kimo cha viunzi kinapangwa kwa kumpima mbwa mfupi kuliko wote kwenye timu, na wengine wote wanaruka kimo hichohicho. Kwa NAFA hata wakiwa warefu wote kimo hicho kina kikomo. Ukiwa na kafupi kako viunzi vinashuka, na wale warefu hawaruki tena, wanapita tu juu yake huku wanakimbia. Mbwa akipaa sana anapoteza muda hewani, na akitua uzito wote unashukia miguu ya mbele na mabega, kwa hiyo kiunzi kifupi ni kasi na ni afya pia. Ndo maana mchezo unaonekana wa fujo lakini kuruka kwenyewe hakumchoshi mbwa kihivyo. Panapoumiza ni pale kwenye boksi.

Hapo nimepajulia nyumbani, Rau hapa Moshi, mi na Popi wangu, koko wa kawaida tu. Nilianza na ubao nimeuegemeza ukutani badala ya boksi, nikaweka mpira, Popi akatoka nduki akaugonga kwa miguu ya mbele kama anavamia mlango, siku mbili anachechemea na mimi roho inanisuta. Wenye mchezo wao wanamfundisha mbwa kugeuka kama muogeleaji anavyogeuka akifika ukuta wa bwawa, anapanda ubao kwa upande na miguu yote minne kisha anajisukuma, hivyo kishindo kinagawanyika badala ya kubebwa na mabega peke yake. Dawa yake ni rahisi sana, unaweka kiunzi kingine kifupi karibu kabisa na ubao, inabidi anyanyue na miguu ya nyuma. Nikaugongomelea na kipande cha mkeka wa gari usiteleze. Aisee, wiki ya tatu jamaa anageuka kama samaki.

Na usianzie mwanzo, anzia mwisho. Mwite kwanza aruke kiunzi kimoja kuja kwako, umpe kipande cha mapupu ya kuchemsha, kesho viwili, mpira uje baadaye kabisa. Mi niliutanguliza mpira, Popi akawa akishaudaka anapotelea kwenye migomba. Viunzi vyangu ni fito juu ya tofali za inchi sita nimezilaza, fito haijafungwa ili akiigusa idondoke. Mbwa mdogo asiyetimiza mwaka mwache mifupa ikomae kwanza, achezee mpira chini tu. Fanyeni asubuhi, maana joto la Moshi la saa saba unalijua na mbwa anajipoza kwa kuhema, na mpira uoshe, vumbi likinasa kwenye manyoya yake unageuka msasa wa meno.

Jirani yangu alituchungulia mwezi mzima anauliza, "Kaka, huyo unamwandalia Kilimanjaro Marathon?" Juzi kaja mwenyewe na kijibwa chake, Pilipili, kifupiii. Nikasema hapa sasa nimepata timu. Tukamwachia, akakimbia mbio zote mpaka kwenye ubao na kurudi, safi kabisa, ila amepita chini ya fito zote. Ndo nikaelewa kwa nini viunzi vya mashindano ni mbao zilizoziba mpaka chini. Jumamosi naenda kutafuta mabanzi.