Kwa nini tairi la nyuma la pikipiki huisha mapema kuliko la mbele?

Pita kijiwe chochote cha bodaboda, iwe Mbagala, Mwanza au Kisumu, uinamishe macho kwenye matairi. La mbele bado lina kashata zake, yaani meno ya mpira. La nyuma limekuwa kipara katikati, mifereji imebaki pembeni tu. Yalifungwa siku moja, yamepita barabara ileile, kilomita ni zilezile.

Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kuwa ni uzito, na kwa sehemu wako sahihi. Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 70 na abiria wa kilo 70. Jumla ni kilo 255. Kwa kuwa abiria hukaa karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma, tairi la nyuma hubeba kama theluthi mbili ya mzigo huo, yaani kilo 170 hivi, na la mbele linabaki na 85. Pakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, au gunia la mkaa kwenye keria, na karibu nyongeza yote huenda nyuma. Ndiyo maana tairi la nyuma hutengenezwa pana zaidi: pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 huvaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, namba ya kwanza ikiwa upana kwa inchi, ya pili kipenyo cha rimu.

Lakini uzito peke yake haumalizi tairi kwa kasi ile. Sababu kubwa ni kazi. Gurudumu la mbele linaviringika tu kwa sababu linasukumwa. La nyuma ndilo linalosukuma. Injini inavuta cheni, cheni inazungusha gurudumu, na mpira unaishika lami na kuisukuma nyuma ili pikipiki iende mbele. Kila kipande cha mpira kinapofika chini hushika, huvutwa, hunyumbuka, na kinapokaribia kuachia huteleza kidogo sana, kiasi ambacho dereva hawezi kukihisi. Hata kwenye lami kavu, tairi la nyuma huzunguka kidogo zaidi ya umbali ambao pikipiki imekwenda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayobaki barabarani kama vumbi jeusi, sawa na kifutio cha penseli kinavyoacha unga wake daftarini.

Na eneo linalofanya kazi hiyo yote ni dogo mno. Kilo 170 juu ya tairi lenye upepo wa psi 33, ambayo ni kama kilo 2.3 kwa kila sentimita ya mraba, hukaa kwenye eneo la sentimita za mraba sabini na kitu tu. Ukivuta mafuta taratibu, kuteleza huko kwa mpira juu ya lami ni kudogo. Ukichomoka kwa pupa kwenye taa, au ukipanda mlima wa Lushoto na mzigo, nguvu inaongezeka na uchakavu unaongezeka kuizidi: nguvu ikiwa mara mbili, mpira unaolika ni zaidi ya mara mbili. Kwenye changarawe gurudumu likizunguka bure, kila jiwe linakata.

Kisha kuna breki. Unapofunga breki, uzito wa pikipiki na waliomo hukimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa na linashika vizuri zaidi, la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kusimamisha pikipiki. Lakini madereva wengi wanaiogopa. Hofu hiyo ina asili yake: kwenye mchanga au tope, kubana breki ya mbele ghafla kunakulaza chini, na watu wengi walijifunzia kuendesha kwenye barabara za vumbi. Wakihamia lami, mguu unabaki na mazoea. Breki ya nyuma ikikanyagwa kwa nguvu peke yake, gurudumu ambalo tayari ni jepesi husimama kuzunguka huku pikipiki ikiendelea kwenda, na tairi linasagwa sehemu moja tu. Ule mlio wa kukwaruza na mstari mweusi barabarani ni mpira uliolipiwa pesa. Tumia breki zote mbili pamoja, ukiibana ya mbele polepole. Utasimama mapema zaidi, na tairi la nyuma litadumu.

Tairi likishaanza kulika, umbo lake linasema mengi, na hapa mwenye pikipiki anaweza kujua tatizo kabla ya fundi. Likiisha katikati tu na pembeni kumebaki, ama unasafiri sana barabara zilizonyooka au unajaza upepo kupita kiasi. Likiisha pembeni zote mbili na katikati kukabaki, upepo ni mdogo. Likiisha upande mmoja, gurudumu limekaa kombo. La mbele likiwa na mabonde mabonde, kagua shokapu na beringi, kwa sababu gurudumu linarukaruka badala ya kutulia chini.

Upepo ndio jambo ambalo ningemsihi kila mwenye pikipiki alishughulikie kwanza, maana ni rahisi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa zaidi. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba au kulipiga teke hakukuambii kitu. Tairi la psi 20 na la psi 30 yote yanaonekana magumu. Nunua geji ndogo ya mfukoni. Pima asubuhi kabla hujaondoka, kwa sababu tairi likishatembea hewa ya ndani hupata joto na kipimo hupanda, ukadhani upepo unatosha kumbe hautoshi. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu kitabu chake hutaja psi 25 hivi mbele, na nyuma psi 28 ukiwa peke yako hadi 32 au 36 ukiwa na abiria. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Tyubu hupitisha hewa kidogo kidogo hata kama haina pancha, kwa hiyo pima kila wiki. Upepo ukipungua sana, tairi linanyumbuka kila mzunguko na kuchemka, na tena linaweza kuteleza juu ya rimu likaivuta tyubu mpaka valvu ikachanika. Tyubu iliyochanika kwenye shina la valvu haizibiki.

Cheni nayo inahusika na tairi, ingawa watu huiona kama jambo la pembeni. Ikilegea, kila unapovuta mafuta inakaza kwa kishindo na kishindo hicho kinaishia kwenye mpira. Pikipiki nyingi ndogo huhitaji cheni icheze kwa milimita 20 hadi 30 katikati ya sproketi mbili. Kosa kubwa hutokea wakati wa kuikaza: skrubu ya kushoto inazungushwa sana, ya kulia kidogo, gurudumu linakaa kombo. Pande zote mbili kuna mistari midogo karibu na ekseli. Hesabu mstari ulipo upande huu, hakikisha na upande wa pili ni uleule, ndipo ukaze nati. Ni kazi ya dakika chache nyumbani, kwa spana mbili.

Hata pancha hupendelea nyuma. Msumari uliolala chini hauna madhara makubwa. Tairi la mbele likiukanyaga linauinua, na la nyuma linaupokea ukiwa umesimama. Mpira ukishakuwa mwembamba, msumari unapenya upesi zaidi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, na ubavuni herufi TWI au pembetatu huonyesha vilipo. Kwa matairi mengi ya pikipiki vina urefu wa kama milimita 0.8. Mpira unaokanyaga barabara ukilingana navyo, tairi limekwisha, hata kama upepo linashika.

Hapo ndipo linapokuja wazo la kuhamisha: la nyuma lililochakaa lipelekwe mbele, jipya lifungwe nyuma. Usifanye hivyo. Upana hautoshani, na tairi la nyuma limetengenezwa lihimili kusukuma, wakati la mbele hukutana zaidi na nguvu ya breki, ambayo huvuta mpira upande wa kinyume. Baadhi ya matairi yanayofaa kote kuwili yana mishale miwili ubavuni, mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma, inayoelekea pande tofauti kwa sababu hiyohiyo. Zaidi ya hayo, la nyuma likiteleza mara nyingi dereva huliokoa. La mbele likiteleza, mara nyingi yuko chini kabla hajajua.

Kwa hiyo tairi la mbele lisikudanganye kwa kashata zake. Kwa kuwa haliliki upesi, linazeeka. Jua na hewa hukausha mpira, ukawa mgumu na kuanza kupasuka nyufa nyembamba ubavuni na ndani ya mifereji. Mpira mgumu haushiki lami yenye maji. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likitimiza miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 litolewe hata kama linaonekana zima. Namba hiyo itazame pia dukani kabla hujalipa, kwa sababu tairi lililokaa rafuni miaka mingi huuzwa kama jipya.