Chumba cha chai cha Carnforth

Wageni wengi wakishuka Carnforth, mji mdogo wa Lancashire huko Uingereza, huenda moja kwa moja kwenye mgahawa wa stesheni. Wanaamini kwamba hapo ndipo walipokaa wapenzi wawili wa filamu ya Brief Encounter, wakinywa chai na kuagana. Imani hiyo ni ya miaka mingi, lakini si sahihi. Chumba kile kilijengwa studioni Denham, karibu na London. Mgahawa wa leo ulitengenezwa upya mwaka 2003 kwa kuiga filamu.

Hilo halipunguzi thamani ya stesheni hata kidogo. David Lean, mwongozaji wa filamu hiyo, alipiga picha hapa kweli, usiku wa Februari 1945. Vita vilikuwa havijaisha, na Carnforth ilikuwa mbali na pwani ya kusini-mashariki, hivyo taa kali ziliweza kuwashwa bila hofu kubwa ya ndege za adui. Majukwaa yale ni ya hapa. Saa kubwa inayoning'inia ni ya hapa. Hata njia ya chini ya reli, yenye mteremko badala ya ngazi, unaweza kuipita kwa miguu yako mwenyewe, nami nakushauri uipite taratibu.

Stesheni ilifunguliwa 1846. Majukwaa ya reli kuu yalifungwa 1970, kwa hiyo treni za London na Glasgow hupita kwa kasi bila kusimama. Ukitaka kushuka, panda treni ya Lancaster, Barrow au Leeds.