Dawa ya sikio imefanya kazi, au sikio lilikuwa linapona lenyewe?

Meseji nyingi ninazopata zinafanana. Mtu kaona video ya mgonjwa aliyekuwa anaanguka ovyo kwa kizunguzungu, kapewa kitu fulani, sasa hivi mzima kabisa, halafu ananiuliza dokta hii kitu ni kweli? Na mimi kabla hata sijaangalia jina la dawa huwa najiuliza jambo moja tu, huyo mgonjwa asingepewa chochote leo angekuwaje? Nafanya kazi ya masikio, kliniki na utafiti, na naona swali hili watu wengi wanaliruka, wakiwemo wenzetu wa kazi, ndo maana nimeamua niliandikie kwa kirefu.

Kwanza muelewe tunashindana na nini. Sikio la ndani halichunguliki. Limezikwa ndani ya mfupa ambao ni kati ya migumu kuliko yote mwilini, majimaji yake ukiyakusanya ni matone machache tu, na huwezi kukata kipande ukapeleka maabara kama tunavyofanya kwa ini au ngozi, maana ukikata umeua usikivu wa mtu. Kwa hiyo kwa miaka mingi sana tulichojua kilitoka kwenye mifupa ya watu waliokwisha kufariki. Chukua ugonjwa wa Ménière, ule wa kizunguzungu cha masaa, sikio kujaa, mlio, na usikivu unaopanda na kushuka. Prosper Ménière aliwaambia madaktari wa Paris mwaka 1861 kwamba kizunguzungu cha aina hii kinatoka sikioni wala sio kwenye ubongo. Ikabidi tusubiri mpaka 1938 ndo Hallpike na Cairns huko London, na Yamakawa huko Japani, wakaona kwenye mifupa ya wagonjwa waliofariki kwamba chumba kimoja cha majimaji kimevimba. Na kuuona huo uvimbe kwa mtu aliye hai? 2007, pale timu ya Nakashima huko Nagoya ilipopitisha gadolini iliyozimuliwa (dawa ya kung'arisha picha) kwenye ngoma ya sikio, ikasubiri ipenye ndani, halafu ikapiga picha ya MRI. Karibu karne moja na nusu kutoka kuutaja ugonjwa mpaka kuuona kwa mtu anayepumua.

Sasa kama ndani huoni, unapimaje kama dawa imesaidia? Unahesabu mashambulizi. Mgonjwa anaandika kwenye daftari, leo nimezungukwa, leo sijazungukwa. Na hapo ndo Ménière inatuchezea, kwa sababu mashambulizi yake yanakuja kwa mkupuo halafu yanatulia yenyewe, miezi, wengine miaka. Na mtu anakwenda hospitali lini? Haendi siku anajisikia vizuri, anakwenda ameshachoka, hali imefika pabaya kuliko pote, na baada ya pabaya kuliko pote kinachofuata mara nyingi ni nafuu, umempa dawa au hujampa. Kwa hiyo chochote utakachompa siku ile, kidonge, chai, sindano, maombi, kitaonekana kimeponya, na mgonjwa hadanganyi akisema amepona, kweli amepata nafuu, ila nani kaileta hiyo nafuu ndo hatujui.

Ndo maana kila utafiti wa Ménière lazima uwe na kundi la kulinganisha. Mwaka 1981 huko Denmark Thomsen na wenzake walifanya kitu ambacho leo kamati nyingi za maadili zisingekipitisha kirahisi. Walichukua wagonjwa 30 waliokuwa wanasubiri operesheni ya kifuko cha majimaji, nusu wakafanyiwa operesheni yenyewe, nusu wakachimbwa mfupa wa nyuma ya sikio tu bila kufika kwenye kifuko, na mgonjwa hajui yuko upande gani. Makundi yote mawili yakapata nafuu, wengi wao. Baadaye kuna waliorudia hesabu zake wakabishana kama tofauti ilikuwepo au la, lakini kwangu jambo kubwa liko pale pale, watu waliochimbwa mfupa bila tiba yenyewe walipata nafuu nzuri tu.

Halafu kuna betahistini, kidonge ambacho kila mwenye kizunguzungu ameshakimeza. Utafiti uliochapishwa 2016 kutoka Ujerumani uliwaweka wagonjwa 221 kwenye makundi matatu kwa miezi 9, dozi ndogo, dozi kubwa, na plasibo yaani kidonge kisicho na dawa. Mashambulizi yakapungua kwa wote, na makundi yote matatu yakapungukiwa sawasawa. Fikiria ungekuwa daktari unayetoa dozi kubwa tu bila kuona hayo makundi mengine, ungeapa mbele ya watu kwamba dawa inafanya kazi, na ungekuwa na daftari za wagonjwa za kuonyesha. (Kama unaitumia usiiache tu kwa sababu umesoma hapa, kaa na daktari wako muongee.)

Sasa angalia ugonjwa mwingine wa sikio hilo hilo la ndani, kile kizunguzungu cha kugeuka kitandani. Hapa kosa ni vichembe vya chokaa vilivyong'oka mahali pake vikaingia kwenye mrija wa nusu duara, mara nyingi ule wa nyuma, na ukigeuza kichwa vinaporomoka na kuvuta majimaji. Dix na Hallpike mwaka 1952 walitupa kipimo ambacho mpaka leo nakipenda kuliko kingine chochote. Unamgeuza mgonjwa kichwa nyuzi 45, unamlaza chali haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni mwa kitanda, unamshika vizuri na kumwambia asifumbe macho. Sekunde za kwanza hakuna kitu, macho yametulia, unaweza kudhani umekosea upande. Halafu yanaanza kucheza, yanazunguka kuelekea sikio lililo chini huku yanaruka kupandia juu, kwa kasi, mgonjwa anakukamata mkono kwa nguvu, na kabla dakika haijaisha yanapoa yenyewe. Hapo umeshuhudia vichembe vikisafiri. Mfupa haujafunguliwa lakini macho yamekuonyesha kilichomo.

John Epley wa Portland, Marekani, alibuni namna ya kumgeuza mgonjwa hatua kwa hatua ili vichembe vitoke, akachapisha 1992, na alipata upinzani mkali sana kabla watu hawajamkubali. Sasa na huu ugonjwa nao huwa unapona wenyewe kwa wengi, ndani ya wiki kadhaa, kwa hiyo swali langu linarudi. Watafiti wa Ujerumani walilijibu mwaka 2006 kwa ujanja mzuri sana, kundi la pili waligeuzwa vile vile lakini kwa upande wa sikio lisiloumwa, mgonjwa anahisi kitu kile kile ila vichembe havitoki. Baada ya masaa 24 waliotibiwa kweli 28 kati ya 35 walikuwa wamepona, wale wengine 3 kati ya 31. Kupona kwenyewe kunachukua wiki, hii ilikuwa siku moja, sa hapo hakuna wa kubisha.

Sikio la kati nalo ni hivyo hivyo, na hapa wazazi naomba mnisikilize. Mtoto akiumwa sikio ghafla, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kama asilimia 60 wanaacha kulia maumivu ndani ya masaa 24, wawe wamepewa antibayotiki au plasibo. Hii haimaanishi antibayotiki hazina kazi, mtoto chini ya miaka 2 aliyeumwa masikio yote mawili au ambaye sikio linatoa usaha anafaidika zaidi, ila ndo inaeleza kwa nini daktari mzuri wakati mwingine anakupa dawa ya maumivu tu na kukwambia urudi. Na maji yanayobaki nyuma ya ngoma huwa tunayapa miezi mitatu kabla ya kufikiria kuweka kijibomba kwenye ngoma, kwa sababu mengi yanakauka yenyewe. Lakini sikio linalotoa usaha wiki hadi wiki, ngoma imetoboka, hilo usilisubirie, halina tabia ya kujiponya, linataka kukaushwa na dawa ya matone, na likiachwa linakula mfupa. Vile vile mtu akiamka sikio moja limezima ghafla, wengine hurudi bila dawa ni kweli, ila aende siku hiyo hiyo, kwa sababu muda wa kujaribu steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, ni mfupi na ukipita umepita.

Sasa nifike kwenye kinachonifurahisha miaka hii. Kuna watoto wanazaliwa viziwi kwa sababu jeni moja, OTOF, imeharibika. Jeni hiyo inatengeneza protini ya otoferlini ambayo bila yake seli ya sikio inaisikia sauti lakini haiwezi kuipokeza kwenye neva. Kirusi kinachotumika kubebea jeni ni kidogo, jeni hii haitoshi ndani yake, kwa hiyo watafiti waliikata vipande viwili, wakavipakia kwenye virusi viwili, na vipande vinaungana vikishafika ndani ya seli. Timu ya Shanghai ikiongozwa na Yilai Shu ilichapisha Januari 2024, watoto 6, sindano moja kwenye koklea, yaani kile kikonokono cha kusikia kilichoko sikio la ndani, na 5 kati yao wakaanza kusikia. Hakukuwa na kundi la plasibo. Kuna walioniuliza, wewe si ndo unang'ang'ania makundi, mbona watoto 6 tu unakubali? Nakubali kwa sababu uziwi huu haupandi wala kushuka, mtoto aliyezaliwa hana otoferlini hajawahi kuamka siku moja anasikia, kwa hiyo wakianza kugeuka wakiitwa majina yao hakuna maelezo mengine yoyote.

Ila watoto hawa wanapotea kirahisi. Kipimo cha haraka cha vichanga kinasikiliza mwangwi unaotoka kwenye koklea yenyewe, alioutambua David Kemp mwaka 1978, na mwangwi huo unatolewa na seli za safu ya nje ya koklea, sio zile zinazopokeza sauti kwenye neva, ambazo kwa mtoto wa OTOF mwanzoni ni nzima kabisa. Mashine inaandika amefaulu, mzazi anarudi nyumbani na amani, na mtoto hasikii. Kwa hiyo kama kwenye ukoo kuna waliozaliwa viziwi, au mtoto amefaulu kipimo lakini mlango ukipigwa hashtuki, omba kile kipimo kingine cha kubandika elektrodi kichwani ambacho kinasoma kama sauti imefika kwenye neva na shina la ubongo, na ukiambiwa hakuna haja kwa sababu alishafaulu, waeleze kwamba ule wa kwanza haufiki huko.