Lifti na kiyoyozi katika mnara wa kutazamia: jinsi vinavyofanya kazi pamoja

Mnara wa kutazamia katika bustani ya burudani umejengwa kwa kazi moja tu, kupandisha watu waone mandhari na kuwashusha salama. Ipo ya namna mbili. Namna ya kwanza ina jukwaa juu, na lifti zinazopita ndani ya fremu ya chuma. Mfano wake ni mnara wa Eiffel wa Kings Island huko Ohio, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1972 na wenye urefu wa theluthi ya ule wa Paris. Namna ya pili haina jukwaa: kibanda chenye umbo la pete kimeuzunguka mlingoti, kinapanda huku kikigeuka polepole ili kila abiria aone pande zote. Space Spiral ya bustani ya Cedar Point, pia Ohio, iliyojengwa 1965 na kubomolewa 2012, ilikuwa ya namna hiyo. Brighton i360 ya Uingereza, iliyofunguliwa 2016, ni ndugu yake mkubwa: mlingoti una mita 162, na chumba chake cha kioo hubeba hadi watu 200, ila hakigeuki.

Namna zote mbili hutegemea kanuni moja. Kamba za chuma zinatoka kwenye kibanda, zinapita juu ya kapi, na upande wa pili zimefungwa uzito wa mizani. Katika mnara wa pete, uzito huo hupanda na kushuka ndani ya mlingoti, ndiyo maana mgeni hauoni. Uzito wa mizani huwa sawa na kibanda kitupu pamoja na asilimia 40 hadi 50 ya mzigo wake. Tuchukue kibanda cha tani 2.4 chenye uwezo wa kubeba kilo 1,600, yaani watu 21 hivi, kinachopanda mita 2.5 kwa sekunde. Bila mizani, kukinyanyua kikiwa kimejaa kunataka karibu kilowati 100. Kwa mizani ya nusu mzigo, mota inapambana na kilo 800 tu: kilowati 20, au 25 ukihesabu msuguano.

Usalama hautegemei kamba peke yake, ingawa kamba tatu au zaidi hupimwa ziweze kubeba mara 12 ya mzigo wake. Kuna gavana, gurudumu dogo linalozungushwa na kamba yake yenyewe. Kibanda kikivuka mwendo wake wa kawaida kwa kiwango kilichopangwa, kuanzia asilimia 15, gavana hunasa kamba hiyo, nayo huvuta kabari zilizo kwenye fremu ya kibanda mpaka zikaumana na reli. Breki ya mota nayo ina pande mbili, na kila upande peke yake lazima uweze kukipunguzia kibanda mwendo kikiwa kimejaa. Kinachosumbua zaidi kwenye minara ya wazi ni upepo. Juu unavuma kwa nguvu kuliko chini, kamba ndefu zinaanza kuyumba, na waya wa umeme unaoning'inia chini ya kibanda unaweza kunasa kwenye vyuma. Kwa hiyo kipimaupepo kileleni kimeunganishwa na mtambo: kwanza mwendo hupunguzwa, kisha mnara hufungwa. Viwango hivyo huwekwa na mtengenezaji, si na msimamizi wa zamu.

Sasa joto. Wageni wengi hudhani kupanda mita 100 ni kufuata baridi, lakini kwa urefu huo hewa hupungua nyuzi moja tu au pungufu. Upepo ungesaidia, ila kibanda kimezibwa kwa kioo. Hesabu ya kibanda chetu inakuwa hivi: watu 21, kila mmoja akitoa wati 120 hivi, ni kilowati 2.5. Jua la jioni likipiga mita sita za mraba za kioo chenye kinga nzuri huongeza kama kilowati 1.4. Ongeza hewa ya moto inayoingia kila mlango unapofunguka, utafika karibu kilowati 5, yaani kiyoyozi cha BTU 18,000, kilekile fundi anachofunga kwenye sebule kubwa.

Tofauti ni kwamba sebule haitembei. Kiyoyozi cha kibanda huwekwa chote, kompresa inayosukuma gesi, kondensa inayotoa joto, na feni, juu ya paa la kibanda. Joto kinachotoa huenda moja kwa moja kwenye shimo la lifti. Shimo likiwa limezibwa, joto hupanda na kujikusanya juu, kondensa inaanza kuvuta hewa iliyokwisha kupashwa, shinikizo la gesi linapanda, na swichi ya usalama inaizima kompresa saa nane mchana, wakati hasa inapohitajika. Dawa yake ni matundu ya hewa au feni kileleni mwa shimo. Gesi mara nyingi haina kosa, ingawa ndiyo hulaumiwa kwanza.

Maji ni tatizo la pili. Penye unyevu mwingi, kiyoyozi cha BTU 18,000 kinaweza kutoa lita mbili kwa saa, na hakuna bomba la kuyapeleka popote. Baadhi ya mashine huyarushia kwenye koili ya moto ya kondensa yakawa mvuke. Nyingine hukusanya kwenye tangi linalomwagwa kibanda kikiwa chini. Ukiona matone ndani ya kibanda, anza na chujio: likijaa vumbi, hewa haipiti ya kutosha, koili ya baridi inaganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji hufurika trei. Kondensa nayo hunasa mafuta yanayorushwa na kamba, vumbi likayagandia. Na mnara ukiwa kando ya bahari, chumvi hula mapezi ya alumini, jambo ambalo mafundi wa Mombasa na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa.

Umeme wa kiyoyozi hufika kwa waya unaoning'inia au kwa reli ya umeme inayoguswa na brashi za kaboni. Brashi zikilika hurukaruka, umeme unakatika kwa sekunde moja na kurudi. Taa haijali, kompresa inajali, kwa sababu haipaswi kuanza tena kabla shinikizo halijalingana, kama dakika tatu hivi. Safari yenyewe inaweza kuwa fupi kuliko hizo dakika tatu.

Chumba cha mitambo nacho kinataka ubaridi. Kibanda kilichojaa kikishuka mita 80, kilo zile 800 za ziada huiendesha mota kama jenereta na kutoa hadi megajuli 0.6 hivi. Inveta, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa mota, ikiwa na uwezo wa kurudisha umeme huupeleka kwenye gridi. Isiyo nao huuchoma kwenye rezista, kipinga umeme kinachougeuza kuwa joto. Kwa safari 15 kwa saa, hizo ni kama kilowati 2 za joto chumbani, kabla hujahesabu joto la mota na inveta. Kiwango cha Ulaya, EN 81-20, kinachukulia kwamba chumba hicho kitabaki kati ya nyuzi 5 na 40. Chumba kikipita hapo, inveta nyingi hujipunguzia nguvu au hujizima.

Umeme wote ukikatika, betri ya dharura huwasha taa kwa angalau saa moja na kuendesha simu ya ndani, kompresa haiwezi. Kinachobaki ni matundu ya hewa ya juu na ya chini, kila upande angalau asilimia moja ya eneo la sakafu, yaani kama sentimita 350 za mraba kwa kibanda chetu. Juani hayo hayatoshi kwa muda mrefu, hivyo opereta hulegeza breki kidogo kidogo ili kibanda kisogee chenyewe. Hapo lazima ajue idadi ya abiria: kikiwa na watu zaidi ya nusu kitashuka, lakini kikiwa na watano uzito wa mizani unakizidi, nacho kitapanda. Katika mnara wenye jukwaa, hilo si baya, kwa kuwa abiria watatokea juu. Katika mnara wa pete juu hakuna mlango, kwa hiyo huwashwa jenereta au winchi ya akiba ili kukivuta chini.