Je, wajua kwa nini ofisi ya serikali ni mahali pazuri pa kutangaza mtoto aliyepotea?

Mtoto akipotea Mtwara mjini, mara nyingi habari huanzia msikitini. Kipaza sauti kinatangaza: mtoto wa kiume, miaka minne, kavaa fulana nyekundu, atakayemwona ampeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Muda si mrefu picha yake iko kwenye magrupu ya WhatsApp. Njia zote mbili zimesaidia wazazi wengi. Lakini tangazo la Chikongola halisikiki Masasi, umbali wa kilomita kama 200, na basi linafika huko siku hiyohiyo.

Picha ya WhatsApp inafika mbali, ila haina mwenyewe. Inazunguka bila tarehe, na mtoto aliyepatikana jioni ileile bado "anatafutwa" Nachingwea miezi kadhaa baadaye. Mama yake anaendelea kupigiwa simu na watu asiowajua. Baya zaidi, watu wakishachoshwa na picha za zamani, hata ya leo wanaipita.

Marekani, mwaka 1996, Rais Bill Clinton aliagiza matangazo ya watoto waliopotea yawekwe kwenye majengo ya serikali kuu. Faida ya hatua hiyo inaeleweka hata huku kwetu: ofisini watu hukaa wakasubiri. Aliye kwenye benchi la hospitali ya Ligula hana pa kukimbilia mpaka aitwe, hivyo uso ulio mbele yake anautazama vizuri.

Zamani ilikuwa karatasi na gundi. Leo ofisi zinaweza kuwekewa skrini za matangazo: polisi wanahakiki taarifa na kuiingiza mara moja tu kwenye kanzidata, na skrini zote zilizounganishwa na intaneti zinaichukua humo, iwe Newala au Kilwa Masoko. Mfumo unaweza pia kupanga kwa eneo, ili ofisi ya Mtambaswala, penye daraja la kuvukia Msumbiji, itangulize watoto waliopotea jirani.

Mtoto akipatikana, taarifa inafutwa mara moja na picha inaondoka kote. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote. Binti wa miaka 13 aliyerudi nyumbani ana haki ya kurudi darasani bila sura yake kuendelea kuning'inia kila ofisi.

Tangazo lenyewe liwe fupi: picha ya karibuni inayoonyesha uso, umri, kimo, nguo alizovaa, mahali na saa alipoonekana mwisho, na namba ya polisi. Namba ya mama isiwekwe, maana matapeli huitumia kudai pesa. Na kwa kuwa umeme hukatika, karatasi yenye tarehe ibaki pia ukutani ofisi ya kata.

Wapo wanaoamini kwamba lazima saa 24 zipite ndipo uripoti. Usisubiri hata kidogo. Marekani walipiga marufuku polisi kuwasubirisha wazazi kwa sheria ya mwaka 1990, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Hapa Tanzania piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, kisha nenda kituo cha polisi ukaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Beba picha yake, na ongozana na mtu aliyemwona mara ya mwisho, hata kama ni mtoto mwenzake.