Ritifaa ya Kiingereza si alama ya wingi

Katika makundi ya simu hapa Tabora unazunguka ujumbe wa siku nyingi unaodai kwamba nomino ya Kiingereza ikiwa katika wingi huwekewa ritifaa, yaani alama ('), kabla ya herufi s, hata tukaona kibao cha fundi kimeandikwa "bicycle's" kwa maana ya baiskeli nyingi. Dai hilo si sahihi. Baiskeli nyingi ni "bicycles". "The bicycle's chain" ni mnyororo wa baiskeli moja, na "the bicycles' chains" ni minyororo ya baiskeli kadhaa. Maneno hayo matatu hutamkwa sawasawa, na naamini hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, hasa kwetu tuliozoea ritifaa ya ng'ombe, ambayo huonyesha sauti tu.

Ili kuhakiki, jaribu kumwondoa mwenye kitu na kusema "mnyororo wake": maana ikibaki, ritifaa inahitajika, lakini katika "nimeona baiskeli tatu" jaribio hilo haliwezekani. Angalia pia "its bell", yaani kengele yake, isiyo na ritifaa kwa sababu "it's" ni kifupi cha "it is" au "it has". Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze, kwani wapo wanafunzi wanaounakili kama ulivyo kwenye madaftari yao.